Kisu cha mfukoni: Umbo lipi la bapa linakufaa kwa kazi za kila siku?

Mwaka jana nilishonwa nyuzi nne kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Sikuvamiwa na kibaka, wala sikuwa buchani. Nilikuwa nyumbani kwetu Muheza, nafungua gunia la mbolea kwa kisu cha kukunja nilichonunua gulioni. Nilikipenda kwa sababu kilikuwa kinang'aa na kina ncha ndefu nyembamba. Nilikisukuma, ncha ikakwama kwenye nyuzi za gunia. Nikaongeza nguvu. Ikapenya kwa ghafla, na upande wa pili ulikuwepo mkono wangu ulioshikilia gunia.

Kwa wiki mbili nilikuwa naendesha mitambo ya studio kwa mkono mmoja. Nilipolisimulia jambo hili hewani, wasikilizaji walitania sana, lakini baada ya utani wakaanza kuuliza maswali ya maana. Mkulima wa machungwa, fundi umeme, mvuvi, dereva wa bodaboda, mama mwenye genge: wote walikuwa na kisu mfukoni au kwenye kibegi, na wengi walikuwa na kovu pia. Swali lao lilikuwa moja: kisu gani ni kizuri?

Jibu halipo kwenye bei wala kwenye rangi ya mpini. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye umbo la bapa. Makala haya yanaeleza maumbo yanayopatikana zaidi, kila moja linafanya nini vizuri, linashindwa wapi, na ni lipi linaweza kukuumiza.

Kwanza, tuzijue sehemu za kisu

Bapa ni sehemu yote ya chuma inayotoka kwenye mpini. Upande unaokata ni makali. Upande wa pili, ule mnene usiokata, ni mgongo. Mahali mgongo na makali vinapokutana mbele ndiyo ncha. Makali yakiwa yamepinda kwenda nje kuelekea kwenye ncha, ule mpindo tutauita tumbo la kisu.

Umbo linapobadilika, mambo matatu hubadilika pamoja nalo.

La kwanza ni mahali ilipo ncha. Ncha iliyo juu, karibu na usawa wa mgongo, huwahi kuchoma kitu hata pale ambapo hukukusudia. Ncha iliyoshushwa chini, karibu na makali, hutulia mkononi na ni rahisi kuiongoza.

La pili ni tumbo. Makali yenye tumbo hukata vizuri unapovuta kisu juu ya kitu, kama unapochuna ngozi au kukata nyama. Makali yaliyonyooka hubana kitu kwa urefu wake wote na nguvu haipotei mbele, hivyo hufaa kamba, boksi na kuchonga kijiti.

La tatu ni unene wa chuma nyuma ya ncha. Chuma kikiwa kingi, ncha haivunjiki kirahisi lakini hupenya kwa taabu. Kikiwa kidogo, hupenya kama sindano, na huvunjika kama sindano pia.

Ukiyashika haya matatu, hata ukikutana na kisu ambacho hujawahi kukiona, utaweza kukisoma.

Ncha iliyoshuka

Hapa mgongo unateremka taratibu kutoka kwenye mpini hadi kwenye ncha, kwa mteremko wa mviringo. Dukani utasikia likiitwa dropu pointi. Ncha inakuwa chini kidogo ya mgongo, ina chuma cha kutosha nyuma yake, na makali yana tumbo zuri.

Hili ndilo umbo la kazi nyingi. Linamenya chungwa, linafungua gunia, linakata nyama, linachonga. Huko Marekani, mtengenezaji visu Bob Loveless alilipatia sifa kubwa kwenye visu vya wawindaji. Sababu ni ya kikazi kabisa: mtu anayepasua mnyama anahitaji ncha ambayo haitatoboa utumbo na kuharibu nyama. Ncha iliyoshuka humruhusu kuona inakokwenda na kuizuia.

Kama unataka kisu kimoja tu na hujui utakifanyia nini, anza hapa.

Ncha iliyokatwa mgongoni

Katika umbo hili, linaloitwa klipu pointi, sehemu ya mbele ya mgongo ni kama imekatwa au imelika kwa ndani, ikaacha ncha nyembamba na kali. Kisu maarufu cha Marekani kiitwacho Bowie mara nyingi huwa na umbo hili. Kisu cha kukunja cha Buck 110, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1964, nacho kina bapa la namna hii.

Faida yake ni kupenya na kufanya kazi ndogondogo: kutoa mwiba, kutoboa ngozi ya mkanda, kuondoa jicho la kiazi. Hasara ni mbili. Ncha huvunjika ukiitumia kubandua kifuniko cha kopo au kufungua skrubu. Na kwa sababu hupenya upesi, huwa haijali kama inachopenya ni gunia au kiganja. Hicho changu kilikuwa cha ukoo huu.

Mguu wa kondoo

Jina ni la kuchekesha lakini kisu chenyewe ni cha heshima. Makali yamenyooka kama rula kutoka mwanzo hadi mwisho. Mgongo unakwenda sambamba nayo, halafu mbele unajipinda kwa ghafla kushuka mpaka kukutana na makali. Ukikitazama kwa mbali, utasema hakina ncha.

Umbo hili lina historia ndefu baharini. Mabaharia wa meli za matanga walihitaji kisu cha kukata kamba kwa haraka, huku sakafu ya chombo ikiyumba chini ya miguu. Kisu chenye ncha kali katika hali hiyo ni hatari kwa anayekishika na kwa aliye jirani. Mzee mmoja, nahodha wa zamani niliyezungumza naye dikoni Tanga, alinieleza jambo hilohilo bila kusoma kitabu chochote. Yeye kisu chake cha chomboni alikikata ncha kwa tupa siku aliyokinunua, kwa sababu samaki hachomwi, anapasuliwa, na kamba haichomwi, inakatwa.

Mguu wa kondoo ni mzuri kwa kamba za mkonge na za plastiki, nyavu, mipira ya kufungia mizigo, boksi, na kuchuna ngozi ya waya. Unaweza kuweka kidole gumba juu ya mgongo na kusukuma bila wasiwasi. Ni mzuri pia kwa mtu anayefanya kazi karibu na watoto au mifugo. Mapungufu yake ni kutotoboa vizuri, na kwa kuwa hauna tumbo, kuchuna mnyama kwa kisu hiki ni kazi ya kuchosha.

Ndugu yake wa karibu ni bapa la Wharncliffe, lenye jina la familia ya mabwana wa Uingereza. Nalo lina makali yaliyonyooka, ila mgongo unaanza kushuka mapema na taratibu, kwa hiyo ncha yake ni kali. Wanaochonga mbao na wanaofungua boksi kutwa nzima hulipenda sana. Ila usiliweke kundi moja na mguu wa kondoo katika suala la usalama, maana hili linachoma.

Umbo la mkuki

Hapa ncha iko katikati kabisa, na mgongo na makali vinakutana kwa ulinganifu, kama mkuki. Bapa kubwa la visu vya kijeshi vya Uswisi linakaribia umbo hili. Ni visu vya kampuni iliyoanza na karakana ya Karl Elsener mwaka 1884, na mwaka 1891 ikaanza kulipelekea jeshi la Uswisi visu. Leo tunaijua kwa jina la Victorinox.

Umbo la mkuki lina nguvu ya wastani, hupenya wastani, hukata wastani. Usilichukulie neno wastani kuwa ni tusi. Kwa mtu wa ofisini au msafiri anayemenya embe, kukata uzi na kufungua kifurushi, wastani unatosha.

Tanto

Jina hili ni la Kijapani, likimaanisha jambia fupi la wapiganaji wa kale. Visu vya kisasa vinavyoitwa tanto vina makali yaliyonyooka, halafu mbele yanakatika kwa kona na kupanda hadi kwenye ncha. Nyuma ya ncha kuna chuma kingi, kwa hiyo hustahimili kutoboa vitu vigumu.

Vijana wengi hukipenda kwa sababu ya sura yake kwenye filamu. Kwa kazi za nyumbani na shambani, hata hivyo, hakina tumbo la kukatia, na kukinoa ni lazima unoe sehemu mbili kila moja kivyake. Ukikosea kona ile, umeharibu umbo.

Mundu

Bapa hili limepinda kwa ndani kama mundu wa kuvunia, makali yakiwa upande wa ndani. Ukivuta, kitu kinajikusanya chenyewe kwenye mpindo na hakiponyoki. Watu wa bustani hulitumia kupogolea matawi madogo, na mafundi wa mazulia ya plastiki hukatia mazulia sakafuni. Ni umbo la kazi maalumu. Kulinoa kwenye jiwe bapa haiwezekani, unahitaji tupa ya mviringo au jiwe jembamba. Na usisahau kuwa linakata kuelekea kwako.

Je, meno?

Meno si umbo bali ni aina ya makali, na yanaweza kuwekwa kwenye bapa lolote. Hukata kamba nene na mkanda wa gari upesi sana, hata kisu kikiwa hakijanolewa muda mrefu. Lakini yakiisha, fundi wa kunoa wa mtaani hawezi kuyarudisha kwa jiwe lake la kuzunguka. Atayasawazisha tu. Kama unakaa mbali na vifaa maalumu, chagua makali laini.

Umbo na komeo huchaguliwa pamoja

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Visu vya kukunja viko vya aina mbili. Kuna visivyo na komeo, ambavyo bapa hushikiliwa na springi tu, na ukisukuma mgongo hujifunga. Na kuna vyenye komeo, ambavyo bapa likifunguka hukaa imara mpaka ulifungue komeo kwa mkono.

Mfano unaojulikana wa komeo ni ule wa Opinel, kisu cha mpini wa mti kilichobuniwa na Joseph Opinel mkoani Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Kwa miaka mingi hakikuwa na komeo. Mwaka 1955 kikaongezewa pete ya chuma shingoni: unaizungusha, bapa halitoki mahali pake. Kisu kingine kinachofahamika barani Afrika ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni yake ya Afrika, wakati huo nchi yetu ikiwa mojawapo, na siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Chenyewe kina komeo la pete ya kuvuta kwenye mgongo.

Sasa fikiri hivi. Unapochoma kitu kwa ncha, nguvu inarudi kwenye bapa na kulisukuma lijifunge. Kama hakuna komeo, linajifunga juu ya vidole vyako. Kwa hiyo kisu chenye ncha kali ya kutoboa na kisicho na komeo ni mchanganyiko mbaya, kwa sababu umbo linakualika kufanya kazi ambayo kisu hakiwezi kuifanya salama. Mguu wa kondoo hauna shida kubwa hapo, kwa kuwa hauchomi. Kazi yake ni kushuka na makali, na nguvu hiyo hulifungua bapa badala ya kulifunga.

Ukiwa dukani, fungua kisu, funga komeo, kisha gonga mgongo wa bapa taratibu kwenye kipande cha mti huku vidole vyako vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijifunga, kirudishe kwa muuzaji.

Kazi yako ni ipi?

Kabla ya kununua, kumbuka siku tatu zilizopita ulikata nini. Usiwaze ungependa kukata nini. Waza ulikata nini kweli.

Kama ni matunda, mboga na nyama kidogo, chukua ncha iliyoshuka, bapa liwe jembamba. Bapa nene humenya chungwa vibaya, linalipasua.

Kama ni kamba, nyavu, mipira ya mizigo au waya, chukua mguu wa kondoo. Madereva wa bodaboda na fundi umeme, nanyi mko hapa. Fundi umeme azingatie jambo moja: mpini wa plastiki haukigeuzi kisu kuwa kifaa cha kushikia waya wenye umeme. Zima kwanza.

Kama ni boksi na vifurushi vya dukani, Wharncliffe au mguu wa kondoo vitakufaa.

Kama ni kuchuna na kupasua, chukua ncha iliyoshuka yenye tumbo kubwa.

Kama ni kidogo cha kila kitu, chukua ncha iliyoshuka au mkuki.

Kuhusu urefu, bapa la sentimita 7 hadi 9 linatosha kazi za mfukoni. Opinel namba 8, ambayo ndiyo saizi yake maarufu zaidi, ina bapa la sentimita 8.5. Zaidi ya hapo unabeba uzito bure, na unawatia watu wasiwasi.

Kunoa

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye atakayekula nyama. Naongeza: mwenye kisu butu ndiye atakayekwenda zahanati. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ndiyo inayokifanya kiteleze.

Makali yaliyonyooka ndiyo rahisi kuliko yote kunoa, yanalala kwenye jiwe na unakwenda nayo sawa. Yenye tumbo yanahitaji uinue mpini kidogo unapofika karibu na ncha, vinginevyo sehemu ya mbele itabaki butu.

Kupata pembe bila kipimo, simamisha kisu wima juu ya jiwe, makali chini. Kilaze nusu ya njia, kisha kilaze nusu ya iliyobaki. Hapo uko kwenye nyuzi 22 na kidogo, pembe inayofaa kwa kazi za kawaida. Piga idadi sawa kila upande.

Kwa watu wa pwani, chumvi ni adui. Chuma cha kawaida hunoleka upesi lakini hushika kutu usiku mmoja tu. Chuma cha pua huvumilia zaidi, ingawa nacho si cha milele. Vyovyote iwavyo, osha kwa maji baridi, kausha, pakaa tone la mafuta kwenye kiungo.

Sheria na adabu

Kisu cha mfukoni ni kifaa, lakini mbele ya askari au umati kinaweza kugeuka kuwa silaha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamtia hatiani mtu anayejitokeza hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kwa hiyo usiende nacho kwenye mkutano, mpirani, baa au mahakamani. Mfukoni mwa mtu anayetoka shambani kina maelezo, saa sita usiku kwenye muziki hakina.

Kwa wasikilizaji wetu walioko Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inaruhusu kubeba bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na komeo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Chenye komeo ni lazima uwe na sababu nzuri, hata kikiwa kidogo. Na uwanja wa ndege, popote ulipo, usikiweke kwenye mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Kiweke kwenye begi la kukabidhi.

Umbo lina maana hapa pia. Ukitoa mguu wa kondoo mbele ya watu kukata kamba, wataona fundi. Ukitoa tanto nyeusi yenye ncha, wataona jambo jingine, hata kama mnakata kamba ileile.

Unapompa mtu kisu, kifunge kwanza, au kama hakikunji, tanguliza mpini. Na kuhusu watoto, kuna msemo kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Kwa kisu cha mfukoni, mimi sisemi hivyo.

Kwa ufupi

Tazama ncha iko wapi, makali yana tumbo au yamenyooka, na komeo lipo au halipo. Linganisha na kazi unayoifanya kweli. Ukiwa na shaka, chukua ncha iliyoshuka yenye komeo. Ukiwa mtu wa kamba na mizigo, chukua mguu wa kondoo.

Mimi kile kisu changu cha gulioni sikukitupa. Nilikipeleka kwa fundi wa kunoa, akakata ile ncha kwa shilingi elfu moja na kuuviringisha mgongo mpaka ukakutana na makali. Sasa hakina sura ya kutisha wala kung'aa kwa zamani. Magunia ya mbolea ya msimu huu nimeyafungua yote kwa kisu hichohicho, na mkono wa kushoto uko salama.